Moto Unapozimika: Urithi wa Kiti cha Kabaka

Wanafunzi wetu hupenda kuandika katika insha zao kwamba mfalme wa Kiafrika hurithiwa na mwanawe wa kwanza. Kwa Buganda si hivyo. Mwana wa kwanza wa Kabaka huitwa Kiweewa, na kwa mila hatawali. Kazi yake ni kuwasimamia wadogo zake. Mwaka 1888 waliompindua Mwanga walimkalisha Kiweewa kitini. Hakumaliza miezi mitatu.

Tena Waganda wote hufuata ukoo wa baba, isipokuwa watoto wa Kabaka, wanaofuata ukoo wa mama. Kwa hiyo koo nyingi ziliweza kutumaini kumzaa mfalme. Tunaona hiyo ilikuwa busara kubwa ya kuwafunga watu pamoja.

Kabaka alipofariki haikusemwa kuwa amekufa, bali moto wa Buganda umezimika (walimu wa tafsida, sikieni!). Na moto uliowaka langoni pa ikulu ulizimwa kweli. Ndipo Katikkiro na wakuu wenzake walipomteua mrithi miongoni mwa wana wa mfalme.

Mkataba wa 1900 ulilipa Lukiiko uchaguzi huo, kwa kura, lakini ukaiachia Uingereza kumtambua Kabaka au kumkataa. Kwa kifungu hicho Gavana Andrew Cohen alimhamishia Mutesa II Uingereza mwaka 1953. Lukiiko, lililotakiwa kuchagua mwingine, likagoma. Mutesa alirudi mwaka 1955.