Unatafiti wanyama waharibifu Karatu? Hizi hapa njia za kupata hela

Ukitoka Karatu mjini kwenda geti la Lodoare, unaona mashamba ya mahindi na maharage yakienda mpaka kugusana na msitu wa Ngorongoro. Usiku tembo na nyati wanatoka msituni. Asubuhi mkulima anakuta kazi ya msimu mzima imekanyagwa.

Upande wa juu, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, kilio ni kingine: simba na fisi wanakula mifugo ya wafugaji.

Wanafunzi wa uzamili na uzamivu wengi wanataka kutafiti mambo haya. Kinachowakwamisha mara nyingi ni hela ya kukaa uwandani: mafuta, posho ya wasaidizi, vifaa.

Kwa nini utafiti huu una maana?

Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho cha kati ya Sh25,000 na Sh100,000 kwa ekari, kutegemea umbali wa shamba na mpaka wa hifadhi. Mwisho ulikuwa ekari 5. Kwa aliyepoteza ndugu, kifuta machozi kiliwekwa Sh1 milioni.

Hela hiyo hairudishi mavuno. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kuzuia, na njia ya kuzuia lazima ijaribiwe kwanza.

Mfano upo jirani. Uzio wa mizinga ya nyuki unaofukuza tembo ulitokana na utafiti wa uzamivu wa Lucy King, aliyefanya kazi Kenya akiwa mwanafunzi wa Oxford. Leo wakulima wa nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, wanautumia.

Wapi pa kuomba?

• Rufford Foundation (Uingereza): Inatoa ruzuku ndogo za uhifadhi kwa nchi zinazoendelea. Hela ni ya kazi ya uwandani, sio ada ya chuo. Andaa wadhamini watatu wanaoijua kazi yako.

• IDEA WILD (Marekani): Haitoi hela mkononi, inatoa vifaa: kamera za kunasa picha za wanyama, GPS, darubini.

• WWF, mfuko wa Russell E. Train: Unasomesha uzamili na uzamivu katika uhifadhi. Nchi na mada hubadilika, hivyo soma tangazo la mwaka husika.

• DAAD (Ujerumani): Ina ufadhili wa kusoma humu humu Afrika, kupitia vyuo ilivyoingia navyo ushirikiano. Ulizia ofisi ya masomo ya uzamili chuoni kwako.

• COSTECH: Inasimamia mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia. Fuatilia matangazo yake.

Usisahau msimamizi wako. Walimu wa SUA, Mweka, UDSM na Nelson Mandela Arusha wanakuwa na miradi yenye nafasi ya mwanafunzi ndani yake. Wengi wanapata hela kwa njia hii, tena bila kuandika andiko kubwa.

Vibali kwanza

Utafiti wa wanyamapori nchini unapitia TAWIRI, yenye makao yake Arusha. Ukiingia Ngorongoro unahitaji pia ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi hiyo (NCAA). Kwenye vijiji vya Karatu, anzia halmashauri ya wilaya, kisha mtendaji wa kata na wa kijiji. Anza mapema, na gharama za vibali ziingize kwenye bajeti.

Andiko linalopita likoje?

Usiandike "migogoro ya binadamu na wanyamapori Tanzania". Ni pana mno. Chagua swali moja: je, tembo wanaotumia ushoroba wa Upper Kitete na Selela wanaingia mashambani miezi gani? Je, boma lililoimarishwa linapunguza kweli mifugo inayoliwa usiku?

Zungumza na waliopo. Ngorongoro kuna KopeLion, wanaofanya kazi na vijana wa Kimaasai kufuatilia simba na kuwaonya wafugaji. Wanajua maswali ambayo bado hayana majibu.

Mwisho, tenga hela ya kurudi kijijini. Mkulima aliyekujazia hojaji mara tatu halafu asione matokeo, mwanafunzi atakayefuata hatamkaribisha. Karatasi moja ya Kiswahili na mkutano mmoja wa kijiji vinatosha kuanzia.