Uhifadhi wa Kumbukumbu za Sauti na Picha Jongefu: Jamii Ndiyo Mlinzi wa Kwanza

Na Mwandishi Wetu

Tarehe 27 Oktoba ya kila mwaka dunia huadhimisha Siku ya Urithi wa Sauti na Picha Jongefu. Tarehe hiyo inakumbusha uamuzi wa Mkutano Mkuu wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) wa mwaka 1980, uliopitisha Pendekezo la kulinda na kuhifadhi picha jongefu kama sehemu ya urithi wa utamaduni. Makala haya yanaeleza kwa nini kazi hiyo haiwezi kuachiwa taasisi peke yake, na mwananchi ana nafasi gani.

Urithi wenyewe ni upi

Utangazaji wa redio Dar es Salaam ulianza mwaka 1951 kupitia Sauti ya Dar es Salaam. Baada ya Uhuru ilifuata Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), ambayo leo mrithi wake ni Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Kwa miongo kadhaa studio za RTD zilirekodi bendi za dansi, taarabu, kwaya, ngoma, michezo ya redio na hotuba za viongozi, akiwamo Mwalimu Julius Nyerere.

Hata hivyo, urithi huo hauishii katika maktaba za redio. Sehemu kubwa imo majumbani: kaseti za harusi na za mawaidha, kanda za video za ngoma za kijijini, na sauti za wazee wakisimulia asili ya koo zao. Mara nyingi hakuna nakala nyingine.

Hatari tatu

Hatari ya kwanza ni kuoza. Gundi inayoshikilia chembe za sumaku katika utepe hufyonza unyevu, utepe ukanata na kung'ang'ania mashine. Filamu za zamani za asetati hutoa tindikali na kunuka siki kadiri zinavyoharibika. Joto na unyevunyevu, hususan maeneo ya pwani, huharakisha uharibifu huo na kuotesha kuvu.

Hatari ya pili ni kutoweka kwa mashine za kuchezea kanda na mafundi wanaozijua. Mwaka 2019 UNESCO, kwa kushirikiana na Chama cha Kimataifa cha Hifadhi za Sauti na Picha Jongefu (IASA), ilizindua mradi wa tahadhari kuhusu kanda za sumaku, ikisisitiza kwamba muda wa kuzihamishia katika mfumo wa kidijitali unakwisha.

Hatari ya tatu husemwa kwa nadra: kupotea kwa maelezo. Kanda inaweza kusalimika, lakini ikiwa hajulikani aliyeimba, kwa lugha gani, wapi na katika tukio lipi, thamani yake hupungua sana. Mashine husafisha sauti, lakini haiwezi kurejesha jina la mwimbaji. Majina hayo wanayo wazee, na wazee nao wanaondoka.

Funzo kutoka kwa majirani

Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi muziki wa jamii mbalimbali za Afrika Mashariki. Huko Kapkatet, Kenya, alirekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba wimbo unaofahamika kama "Chemirocha", jina linalohusishwa na mwanamuziki wa Marekani Jimmie Rodgers, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika eneo hilo. Mkusanyiko wa Tracey umehifadhiwa na maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Kuanzia mwaka 2014 maktaba hiyo, ikishirikiana na taasisi ya Ketebul Music ya Nairobi, ilirejesha nakala za nyimbo hizo kwa jamii zilizorekodiwa, na baadhi ya waliorekodiwa walikutwa wakiwa hai.

Nchini Uganda, nakala za nyimbo zilizorekodiwa na Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, zilirejeshwa Chuo Kikuu cha Makerere kutoka Maktaba ya Uingereza. Mifano hii inaonesha kwamba kuhifadhi pekee hakutoshi, kwani kumbukumbu iliyohifadhiwa mbali na wenyewe huwa salama bila kuwa na faida kwao.

Misingi ya uhifadhi shirikishi

Msingi wa kwanza ni ridhaa. Wahusika au warithi wao waelezwe kanda itatumikaje, na wawe na haki ya kukataa.

Pili ni mipaka ya usikilizaji. Baadhi ya mafunzo ya jando na unyago si ya kila sikio. Kuyahifadhi ni jambo moja, kuyaweka hadharani ni jambo jingine, na uamuzi huo ni wa wenye mila, wakiwamo kina mama wanaoyatunza.

Tatu ni ufikiwaji. Manukuu ya maandishi na tafsiri ya Lugha ya Alama huwawezesha viziwi kufaidika, na maelezo ya sauti huwasaidia wasioona. Lugha za jamii zitumike pamoja na Kiswahili.

Nne ni haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua haki za watunzi, wasanii watendaji na watayarishaji, na inalinda sanaa za jadi. Kumiliki kaseti si kumiliki wimbo uliomo. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka tahadhari pale sauti au picha inapomtambulisha mtu.

Hatua kwa mwananchi

Kanda zihifadhiwe zikiwa zimesimamishwa wima, mahali pakavu, penye ubaridi na mbali na spika au kifaa chenye sumaku. Kanda yenye kuvu isichezwe kabla haijasafishwa na mtaalamu, kwani huweza kukatika na kuchafua mashine. Kwenye kaseti, kivunjio cha plastiki kiondolewe ili isirekodiwe juu yake.

Inapohamishiwa katika mfumo wa kidijitali, zitunzwe angalau nakala tatu, moja ikiwa katika jengo jingine, na kanda ya awali isitupwe. Muhimu zaidi, familia ikae na wazee, isikilize pamoja nao, na kuandika majina, mahali, mwaka na maana ya kinachosikika. Kazi hiyo haihitaji mtambo wowote. Daftari na kalamu vinatosha, ilimradi ifanyike wakati anayekumbuka bado yupo.