Kiangazi cha Makambi Usukumani

Mtu yeyote aliyepata kukaa katika nchi ya Wasukuma, tokea Shinyanga mjini hata mbuga za Maswa na Bariadi, na kuelekea magharibi mpaka Geita, anajua kwamba mwaka wa nchi ile hugawanyika sehemu mbili zisizofanana hata kidogo: masika, ambayo huanza na mvua za Novemba na kumfunga mkulima shambani mpaka Mei, wakati ambao hata mgeni huamkiwa kwa haraka, na kiangazi, ambapo mtama umekwisha kuingia ghalani, pamba imechumwa na kupelekwa mizanini, ng'ombe wameachiwa mabua, na watu, baada ya miezi mingi ya kuinama, hupata wasaa wa kutazamana. Ni katika wasaa huo ndipo Waadventista Wasabato wa nchi ile hufanya makambi yao, yaani lile juma ambalo makanisa madogo ya mtaa mmoja huhama majumbani na kukaa pamoja katika vibanda na mahema, ili kusali, kufundishwa, kuimba na kupumzika. Desturi hiyo ilizaliwa ng'ambo. Lakini ilipofika Usukumani ilishika mizizi upesi kuliko mambo mengine mengi yaliyoletwa na wamisionari, na sababu yake, kwa maoni yangu, haikutoka kwa wamisionari.

Asili ya makambi ni Marekani, kwenye nchi mpya za magharibi, ambako walowezi walikaa mbalimbali, bila makanisa wala wachungaji wa kutosha, hata wakazoea kukusanyika porini kwa siku kadhaa kila walipopata faragha ya kazi. Na mkutano uliovuma kuliko yote ni ule wa Cane Ridge, Kentucky, wa mwaka 1801. Waadventista waliishika desturi hiyo baadaye, wakapiga kambi yao ya kwanza kubwa huko Wright, Michigan, tarehe 1 hata 7 Septemba 1868, katika shamba la muumini mmoja, wakahubiri James White na mkewe Ellen G. White. Huko Septemba ndio mwisho wa majira ya joto. Walipofika Australia, ambako majira yamepinduka, walipiga mahema yao Brighton, karibu na Melbourne, mwezi wa Januari 1894. Ni dhahiri kwamba tangu zamani kambi hizi hazikufuata tarehe ya kalenda bali zilifuata majira.

Katika Afrika ya Mashariki Waadventista walitangulia kwenye milima ya Upare, ambako Johannes Ehlers na A. C. Enns, Wajerumani, walifika mwaka 1903. Miaka mitatu baadaye Arthur Carscallen, akifuatana na Peter Nyambo wa Nyasaland, alifungua kituo cha Gendia, upande wa Kenya wa ziwa la Nyanza. Na tangu mwaka 1909 Wajerumani nao wakaingia pwani ya kusini ya ziwa hilo, wakajenga Majita na Busegwe, kisha Mwagala na Ntuzu katika Usukuma. Hazikupita siku nyingi, vita vya mwaka 1914 vikawakuta. Wamisionari walitiwa kizuizini na kuondolewa nchini, na makanisa machanga yakabaki mikononi mwa walimu Waafrika mpaka Waingereza na wengineo walipokuja kuyashika tena. Nayapita mambo hayo kwa haraka, maana habari za vituo na wamisionari zimekwisha kuandikwa; jambo lisilotajwa sana ni lile ambalo wamisionari walilikuta wakati wa kiangazi.

Walikuta ngoma. Wasukuma, kabla ya misheni yoyote kujengwa, walikuwa wameuweka kiangazi wakfu kwa mbina, na kwa ajili ya mbina walijigawa vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, ambavyo kila kimoja hujinasibisha na mwanzilishi wake, Ngika na Gumha, mahasimu mashuhuri wa uganga. Baada ya mavuno vyama hivi vilialikana, vikasafiri mwendo wa siku nyingi, vikapewa malazi na kulishwa na wenyeji, na kwenye uwanja vikacheza vyote viwili kwa wakati mmoja, ng'ambo kwa ng'ambo. Hukumu haikutolewa na mwamuzi bali na miguu ya watazamaji, kwani kundi lililovuta kaumu kubwa zaidi ndilo lililoshinda. Kwa hiyo kila manju, yaani kiongozi wa ngoma, alikuwa na dawa yake ya mvuto, na kila mwaka alitafuta wimbo mpya, vazi jipya, au mnyama wa kumstaajabisha mtazamaji, kama walivyofanya Bayeye na majoka yao. Ukiyatazama mambo haya bila chuki utaona kwamba yalikuwa ni zaidi ya mchezo. Ndipo vijana walipoposana, ndipo ndugu waliotengana kwa kuhamia malisho mapya walipokutana, ndipo habari za mvua, mifugo na misiba zilipopelekwa huku na huku.

Waadventista walimkataza muumini ngoma hiyo, na pombe, na dawa za manju. Na aliyebatizwa alijikuta ana miezi kadhaa ya wasaa na hana pa kwenda. Ndiyo sababu nadhani makambi yalipokelewa kwa furaha. Nafasi yake ilikuwa imekwisha kuchimbwa katika mwaka wa Msukuma. Safari ilikuwepo, ukarimu ulikuwepo, kula pamoja kulikuwepo, na hata mashindano yalikuwepo, ingawa wazee wa kanisa hawapendi kuyaita hivyo: nani asiyejua kwamba kwaya zikiitwa mbele moja baada ya moja, kila moja na sare yake na wimbo iliyoutunga kwa siri tangu masika, watoto na vijana husogea upande wa ile inayowavuta?

Wakatoliki walilitatua jambo hilohilo kwa njia nyingine. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliiingiza ngoma yenyewe katika sikukuu ya Ekaristi tangu miaka ya 1950, na mashindano ya Bagika na Bagalu yakawa sehemu ya sherehe ya Bulabo, ambayo huadhimishwa mwezi wa Juni hata leo. Yeye aliibatiza ngoma. Waadventista waliuchukua msimu, wakaiacha ngoma nje ya uzio. Sitaki kuhukumu nani alikuwa na haki zaidi, ila naona kwamba wote wawili walikubali, kwa kujua au kwa kutojua, kwamba kiangazi kina mwenyewe.

Mahali pa kambi si jambo dogo katika Shinyanga, maana sharti pawe na kivuli na maji, na vyote viwili ni adimu. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Waingereza, ambayo mtaalamu wake Charles Swynnerton alifanya Shinyanga kuwa makao ya uchunguzi wa mbung'o, iliwatoa watu kwa maelfu kukata vichaka ili mdudu huyo akose maficho. Kisha ikaja pamba nayo ikadai mashamba. Na nchi ikabaki wazi, hata mpango wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanzishwa mwaka 1986 ulipohimiza tena ngitili, yale malisho ambayo mababa waliyatenga na kuyalinda. Hivyo kambi aghalabu huwekwa chini ya miembe ya kituo cha zamani, au kwenye mikwaju, si mbali na lambo; na katika lambo lilelile wanalonyweshea ng'ombe ndimo wanafunzi wa ubatizo hushushwa, watu wakiimba kutoka ukingoni.

Watu huanza kufika siku moja kabla. Zamani walikuja kwa miguu na kwa magari ya ng'ombe, sasa kwa baiskeli, pikipiki na malori ya kukodi, wakachukua nguzo, mabua, mikeka, turubai, masufuria na kuku. Chakula ni kile cha msimu: ugali, michembe na matobolwa ya viazi vitamu, nsansa ya majani ya kunde, maziwa mgando, na wali siku ya Sabato; walio karibu na ziwa huleta sato na dagaa, bali kambare na kamongo, ambao jirani zao huwasifu mno, hawaingii kambini, kwa kuwa huhesabiwa kuwa hawana magamba yanayotakiwa na Maandiko. Siku huanza alfajiri kwa ibada na sala. Kisha hufuata masomo ya afya, ya ndoa na malezi, ya uwakili, watoto wakiwa na mwalimu wao mahali pao. Na adhuhuri ni mapumziko hasa, watu wakilala chini ya miti pasipo haya, jambo ambalo kijijini lingehesabiwa kuwa uvivu. Jioni kuna mahubiri. Kuanzia machweo ya Ijumaa kazi zote hukoma, chakula kimekwisha kupikwa, na Sabato ya kufunga kambi huvuta hata wale wasio washirika. Mapumziko haya, tusijidanganye, hayakugawanywa sawa, maana mwanamke aliyeacha jiko lake nyumbani amelikuta jingine kambini. Lakini nimesikia wanawake wengi wakisema kwamba kupika kumi pamoja mkizungumza si sawa na kupika peke yako.

Geita ni habari nyingine. Wilaya hiyo ilijaa watu baada ya vita vya pili, wakati mpango wa maendeleo ya Usukuma ulipowahimiza wakulima na wafugaji wa Kwimba, Maswa na Shinyanga kuhamia magharibi, mahali palipofyekwa ili kuondoa mbung'o. Na waumini waliohama waliyachukua makambi yao kama walivyochukua ng'ombe. Hapo kambi ilipata kazi ya pili, nayo ni kuwakutanisha tena watu wa asili moja waliotawanyika. Lakini chini ya ardhi ya Geita palikuwa na dhahabu, ambayo Wajerumani waliifahamu tangu mwaka 1898. Mgodi mkubwa ulichimbwa tokea 1936 mpaka 1966, ukafunguliwa upya mwaka 2000, na Bulyanhulu ya Kahama ikafuata mwaka 2001, mbali na wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na kwingineko ambao idadi yao huongezeka na kupungua kwa kadiri ya bahati. Dhahabu haina msimu wa mavuno. Zaidi ya hayo, masika mashimo hujaa maji, kwa hiyo kiangazi, ambacho kwa mkulima ni pumziko, kwa mchimbaji ndicho kipindi cha kazi kubwa. Na mtu wa duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, asiyelipwa mshahara bali mgawo wa mawe, akiondoka juma zima mzigo ukitolewa huenda akarudi akakuta mgawo umekwisha. Mwajiriwa wa mgodi mkubwa naye ana zamu, na zamu haijui machweo ya Ijumaa.

Basi upande huo wa magharibi, aghalabu mama na watoto hukaa kambini juma zima, baba akaja jioni akiwa na vumbi la machimbo, akasikiliza hubiri, akarudi usiku. Na mhubiri mwenye busara huyaweka maneno mazito baada ya saa kumi na mbili. Wazee waliokulia Maswa huliona hilo kuwa ni upungufu, kwa kuwa kambi kwao ni kulala na kuamka pamoja. Walakini wachimbaji nao husaidiwa na utaratibu wa kupokezana tarehe, ambao kwa huo mitaa haifanyi makambi yake yote juma moja, bali mmoja hutangulia na mwingine hufuata; na jamaa aliyekosa ya kwao Geita kwa sababu ya mgawo wa mawe huweza, akipata nauli, kumaliza Sabato ya kufunga kwa wakwe zake Shinyanga.