Msuko wa Kuazima: Kurosawa na Leone

Sergio Leone alipotoa A Fistful of Dollars mwaka wa 1964, msuko wake ulikuwa umekwisha kuonekana katika Yojimbo ya Akira Kurosawa (1961): mpiganaji asiye na bwana anaingia mji wenye makundi mawili hasimu, anayatumikia yote kwa ujira hadi yaangamizane. Kurosawa alidai haki yake, akalipwa. Dai lilikuwa halali, ila lilihusu hadithi tu. Toshiro Mifune hujikuna na kutikisa mabega. Clint Eastwood hutulia kama jiwe, na muziki wa Ennio Morricone humsemea. Fani hiyo haikuazimwa. Kumwita Leone mwizi ni kusahau kwamba Kurosawa mwenyewe alikiri kuathiriwa na The Glass Key (1942), filamu iliyotokana na riwaya ya Mmarekani Dashiell Hammett.