Dhahabu isiyoshikika: Mzozo wa sarafu za michezo ya intaneti zinunuliwazo kwa pesa halisi

KWA mtu asiyecheza, jambo lenyewe huonekana kama kichekesho. Mtu mzima, mwenye kazi na familia yake, anatoa dola 20 za Marekani, na anachopata ni tarakimu zilizoongezeka kwenye kona ya skrini ya tarakilishi. Amenunua dhahabu ambayo haishikiki, haivaliki wala haiwezi kumpatia hata mkate dukani.

Lakini kwa wanaocheza ile michezo ya intaneti ambamo maelfu ya watu hukutana katika ulimwengu mmoja wa kubuni, sarafu hizo ndizo zinunuazo upanga, ngao, farasi na nyumba. Ndizo pia zimtofautishazo mchezaji mwenye hadhi na mgeni aliyewasili jana. Swali la iwapo ni halali kuzinunua kwa pesa halisi limewagombanisha wachezaji tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, pale wapenzi wa Ultima Online na EverQuest walipoanza kuuziana mali ya mchezo katika mnada wa mtandaoni wa eBay.

Ili kuuelewa ugomvi huo, ni sharti kwanza kujua sarafu hizi hutoka wapi. Hazitoki benki. Mchezaji huziokota anapomuua joka, au huzipata kwa kuuza samaki aliovua, miti aliyokata na madini aliyochimba ndani ya mchezo. Kazi hizo hurudiwa mara mia, mara elfu, kipanya kikibofyewa pale pale hadi kidole kikafa ganzi. Kwa hiyo kila sarafu imebeba dakika za mtu fulani aliyeketi mbele ya skrini, na dakika hizo ndizo zinazouzwa.

Mwanauchumi Edward Castronova, aliyekuwa akifunza katika Chuo Kikuu cha Jimbo la California mjini Fullerton, aliliweka jambo hili wazi kwa takwimu mnamo Desemba 2001. Alichunguza Norrath, nchi ya kubuni ya mchezo wa EverQuest, akalinganisha bei za mnadani na muda ambao wachezaji waliutumia. Alikadiria kwamba mchezaji wa kawaida alikuwa akizalisha mali ya thamani ya dola 3.42 kwa saa, na kwamba pato la kila mkazi wa Norrath lilifikia dola 2,266 kwa mwaka. Nchi isiyokuwapo kwenye ramani yoyote ilikuwa imekaribiana kwa utajiri na Urusi na Bulgaria, na kuzipita Uchina na India za wakati huo.

Kampuni nyingi zilizotunga michezo hazikufurahia. Masharti ambayo mchezaji huyakubali kabla ya kuingia (na ambayo ni wachache mno huyasoma) yalisema kwamba sarafu zote ni mali ya kampuni, na kwamba mchezaji amepewa ruhusa tu ya kuzitumia. Kuziuza nje ya mchezo kulikuwa kosa la kufungiwa akaunti. Hata hivyo, biashara ilinoga. Walizuka madalali, miongoni mwao kampuni ya IGE, walionunua sarafu kwa bei ya chini na kuzilangua kwa faida. Mnunuzi alilipa kwa kadi, kisha mhusika wake akaelekezwa kusimama mahali fulani ndani ya mchezo, kando ya daraja au nyuma ya kanisa, hadi mhusika mwingine asiyemfahamu alipomjia na kumkabidhi mzigo. Januari 2007 eBay ilipiga marufuku uuzaji wa mali ya michezo hiyo katika mnada wake, lakini walanguzi walikuwa tayari wana tovuti zao.

Wachezaji wanaopinga ununuzi huu wana hoja nzito. Mchezo, wasema, ni uwanja ambapo tajiri na maskini huanza sawa, wote wakiwa na upanga wa mbao. Aliyetumia miezi sita kutafuta silaha adimu anajivunia jasho lake. Jirani anapoipata silaha iyo hiyo kwa dakika tano na kadi ya benki, fahari hiyo yote huyeyuka. Silaha haijabadilika hata kidogo, lakini haielezi tena lolote kuhusu anayeibeba.

Wanaoutetea hawakosi la kujibu. Wao huuliza ni usawa gani huo, ikiwa mwanafunzi aliye likizoni anacheza saa 12 kwa siku ilhali baba wa watoto wawili ana saa moja tu, tena usiku wa manane watoto wakiwa wamelala? Mchezo unaomzawadia mwenye wakati mwingi umeshachagua tajiri wake, ila utajiri huo hauhesabiwi kwa dola. Baba huyo halipi ili ashinde. Analipa ili aruke kazi ya kukata miti na kuwafikia rafiki zake waliomwacha nyuma. Mtu huyuhuyu humlipa fundi amkatie ukoka nyumbani na hakuna anayemwita mdanganyifu.

Hoja ya baba huyo ina uzito kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Udhaifu wake hujitokeza mtu anapouliza dhahabu aliyoinunua ilitoka wapi.

Kuhama kwa sarafu kutoka mfuko mmoja hadi mwingine hakuongezi dhahabu katika mchezo. Kinachoiongeza ni uchimbaji wa kibiashara. Mlanguzi mwenye wateja elfu moja huajiri watu wachimbe usiku na mchana, au hutumia programu zinazojichezea zenyewe bila kula wala kulala. Sarafu hufurika, bei za vitu hupanda, na mchezaji wa kawaida asiyenunua chochote hujikuta akiba yake haimpatii alichokuwa akikiwekea. Huo ni mfumko wa bei usio tofauti na ule wa sokoni. Aidha, kiasi kikubwa cha dhahabu iliyouzwa kilitokana na akaunti zilizodukuliwa: mtu aliamka asubuhi akamkuta mhusika wake amesimama uchi, mali yote imekombwa.

Kisha kulikuwa na wachimbaji wenyewe. Mnamo Juni 2007, jarida la gazeti la New York Times lilisimulia maisha ya vijana katika karakana moja mjini Nanjing, Uchina, waliochuma dhahabu ya World of Warcraft kwa zamu ya saa 12 usiku, siku saba kwa wiki. Kijana mmoja alilipwa yuan 10, yapata dola 1.25, kwa kila vipande 100 vya dhahabu, ujira uliofikia senti 30 za Marekani kwa saa. Mwajiri wake aliviuza vipande hivyo kwa dola tatu au zaidi, na mchezaji wa Marekani au Ulaya aliyevinunua mwishoni aliweza kulipa hadi dola 20. Mwaka uliofuata, msomi Richard Heeks wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, alikadiria kuwa watu wapatao 400,000 walikuwa katika kazi hiyo, asilimia 80 wakiwa Uchina, kwa wastani wa dola 145 kwa mwezi.

Wachezaji wenzao hawakuwahurumia. Baadhi waliunda makundi ya kuwasaka vibarua hao ndani ya mchezo na kuwaua tena na tena, na neno 'Mchina' likageuka tusi la kumrushia yeyote aliyeonekana kuchuma kwa bidii kupita kiasi. Aliyenunua dhahabu, ambaye ndiye aliyeiweka karakana hai, mara nyingi alikuwa mwanachama wa kundi lilo hilo la wasakaji.

Ni mchezo wa RuneScape unaoonyesha vizuri zaidi jinsi tiba ya ugonjwa huu inavyoweza kuumiza kuliko ugonjwa. RuneScape ulianzishwa mwaka 2001 na kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza, inausimamia. Kufikia mwaka 2007 walanguzi walikuwa wakilipia ada za akaunti zao kwa kadi za benki zilizoibwa. Mwenye kadi alipolalamika, benki ilidai pesa zake kutoka kwa Jagex, na malalamishi hayo yaliongezeka kiasi cha kuitia kampuni hofu ya kunyimwa huduma za malipo ya kadi.

Jagex ikaamua kung'oa mzizi. Desemba 2007 ilibadilisha eneo la nyika ambako wachezaji waliuana na kunyang'anyana mali, kwa kuwa hata kifo cha makusudi kilitumika kupitishia dhahabu ya magendo. Januari 2008 ikaweka kikomo: biashara baina ya wachezaji wawili ilipaswa kuwa ya thamani zinazokaribiana. Aliyetoa kingi akapokea kidogo alizuiwa na mfumo wenyewe. Mlanguzi hakuweza tena kumkabidhi mteja mzigo wake. Lakini kaka naye hakuweza kumpa mdogo wake upanga wa kuanzia maisha, wala rafiki kumkopesha mwenzake ngao ya vita vya jioni hiyo. Ukarimu, ambao ni nusu ya raha ya kucheza pamoja, ulikuwa umekuwa kosa.

Wachezaji waliandamana ndani ya mchezo, wahusika wao wakifurika viwanja vya miji ya kubuni wakipaza malalamiko, na wengi walihama kabisa. Jagex ilishikilia uamuzi wake kwa miaka mitatu. Kisha iliwauliza wachezaji iwapo warejeshewe biashara huru na nyika yao. Zaidi ya kura milioni 1.2 zilipigwa, na asilimia 91 wakasema ndiyo. Mabadiliko yalirejeshwa Februari 1, 2011. Walanguzi nao wakarejea, kama ilivyotarajiwa.

Yaliyofuata yaliwashangaza hata waliokuwa wakiitetea kampuni. Septemba 2013, Jagex ilianza kuuza hatifungani zake yenyewe. Mwenye pesa hununua hati moja, kisha humuuzia mchezaji mwenzake kwa dhahabu ya mchezo. Huyo wa pili huitumia kulipia uanachama wake bila kutoa senti. EVE Online ya nchini Iceland ilikuwa imetangulia na mpango kama huo, na Aprili 2015 World of Warcraft ukafuata kwa tokeni ya dola 20, ambayo siku ya kwanza Marekani ilianza kuuzwa kwa vipande 30,000 vya dhahabu.

Katika mpango huu kampuni haichapishi dhahabu mpya, na mwenye pesa asiye na wakati hukutana na mwenye wakati asiye na pesa bila mlanguzi kati yao. Kwa mtazamo wa uchumi ni mpango wenye busara. Lakini waliofungiwa akaunti miaka ya awali kwa kufanya jambo lilo hilo walikuwa na haki ya kuuliza kama kosa lao lilikuwa kununua, au kununua kwa muuzaji asiyefaa.

Si kila jaribio lilifaulu. Diablo III, mchezo uliozinduliwa Mei 2012, ulifunguliwa mnada rasmi wa pesa halisi mwezi mmoja baadaye, kampuni ya Blizzard ikijikatia ada kwa kila mauzo. Wachezaji waligundua upesi kwamba ilikuwa rahisi zaidi kununua silaha kuliko kuwaua mazimwi waliozificha, na kuwaua mazimwi ndio uliokuwa mchezo wenyewe. Mnada huo ulifungwa Machi 18, 2014, kampuni ikikiri kwamba ulikuwa umedhoofisha kiini cha mchezo.

Michezo ya simu ni suala jingine, na baya zaidi. Humo kampuni yenyewe huunda sarafu kadiri ipendavyo na kuziuza moja kwa moja, mara nyingi zitumike kununulia masanduku ya bahati nasibu ambayo mnunuzi hajui yana nini ndani. Mwaka 2018 tume ya kudhibiti kamari nchini Ubelgiji iliamua kuwa baadhi ya masanduku hayo ni kamari iliyo kinyume cha sheria.

Uchimbaji nao haukuisha, ulihama. Uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, benki kuu ya nchi hiyo ikatangaza mfumko wa bei wa asilimia 130,060 kwa mwaka 2018, na mishahara ikawa haitoshi chakula. Raia wengi wakageukia toleo la zamani la RuneScape, ambalo huendeshwa hata na tarakilishi kuukuu. Waliwaua majoka ya kijani kwa saa nyingi, wakauza mifupa na ngozi, kisha wakauza dhahabu kwa dola au kwa sarafu za kidijitali zisizooza mfukoni kama bolivar. Kwa mujibu wa masharti ya mchezo walikuwa wakosaji. Kwa familia zao walikuwa wenye kuleta unga nyumbani.

Mwaka 2017 ulisambazwa mtandaoni mwongozo wa kuwatambua Wavenezuela mahali pa majoka na kuwaua, ukiwa na maneno ya Kihispania ya kuwatukana. Wachezaji wengine walikasirishwa nao, wakasema anayefukuzwa pale anafukuzwa kwenye chakula cha watoto wake. Wenye mwongozo walijibu kwamba sheria ni sheria, na kwamba wao pia wana haki ya mchezo usioharibiwa na biashara. Wakati huo, mtu mwenye kadi ya benki aliweza kuingia katika duka rasmi la mchezo uo huo, akanunua hatifungani, akaiuza kwa dhahabu, na hakuna aliyemwita mkosaji.