Saa 48 na Maji ya Ziwa

Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kinachotazama mji wa Mwanza. Kanisa Katoliki liliijenga kwa msaada wa Misereor ya Ujerumani. Mwaka uliofuata serikali ikaitaifisha, na mwaka 1985 ikairudisha. Miaka yote hiyo imekuwa kimbilio la Kanda ya Ziwa: Geita, Sengerema, Musoma, Bukoba, hata Ukerewe, ambako mgonjwa hafiki Mwanza mjini bila kuvuka maji.

Wamo waliopandishwa kilimani moyo ukidunda ovyo. Vyumba vya juu vya moyo vikitetemeka badala ya kusukuma, damu hutuama na kuganda. Bonge likikimbilia ubongoni, ni kiharusi.

Mwaka 1962 daktari Bernard Lown wa Marekani alitangaza mbinu ya kuyarudisha mapigo kwenye utaratibu kwa mshtuko wa umeme. Baadaye ikaja kanuni ya saa 48: hali ikiwa imeanza ndani ya muda huo, mshtuko unaweza kutolewa mapema; ikizidi, mgonjwa kwa kawaida hunywa kwanza dawa ya kuzuia damu kuganda kwa wiki tatu. Uholanzi, utafiti wa mwaka 2019 wenye wagonjwa 437 ulionyesha kuwa hata haraka si lazima. Katika kundi lililosubiri kwa dawa za kupunguza kasi, asilimia 69 mioyo yao ilitulia yenyewe.

Lakini saa ihesabiwe kuanzia wapi, kwa aliyepitia zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya kabla ya rufaa? Kutoka Busisi hadi Kigongo, kwenye njia ya Sengerema kwenda Mwanza, watu walisubiri kivuko mpaka Juni 2025, daraja la kilomita 3 lilipofunguliwa.

Tofauti kubwa zaidi kati ya Ulaya na kwetu ni chanzo cha hali hii. Ulaya wengi wa wagonjwa hawa ni wazee. Kwetu homa ya baridi yabisi ya utotoni huharibu valvu za moyo mapema: utafiti wa REMEDY, uliohusisha Kenya na Uganda, ulikuta nusu ya wenye valvu hizo hawajavuka miaka 28, na theluthi mbili ni wanawake. Moyo wa namna hiyo, hata ukitulizwa leo, hurudia fujo yake.

Mwaka 2022 utafiti wa INVICTUS, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500, ulithibitisha kwamba kwa wagonjwa wa namna hiyo, dawa kongwe za kuzuia damu kuganda za jamii ya warfarini huokoa maisha zaidi kuliko rivaroksabani mpya. Ila warfarini hudai damu ipimwe mara kwa mara, na inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa mama kijana wa Ukerewe, kila kipimo kisichopatikana kisiwani ni nauli ya kwenda na kurudi.