Uchaguzi na familia zilizobaki inje ya hesabu

Nyinyi mulio katika kambi na katika familia zilizowapokea, wengi munauliza: kiongozi anachaguliwa namna gani, na ni kitu gani kinafanya inchi itembee vizuri? Historia yetu inajibu, tukiiuliza maneno mawili: watu walikuwa na nafasi ya kuchagua? Na wote walihesabiwa?

Mwezi wa tano 1960, chama cha MNC cha Patrice Lumumba kilipata viti vingi kuliko vyama vingine. Lumumba akawa waziri mkuu, na bunge likamchagua Joseph Kasa-Vubu kuwa rais. Lakini tarehe 5 mwezi wa tisa Kasa-Vubu alimfukuza Lumumba. Siku tisa baadaye, Kanali Mobutu aliwasimamisha wote wawili. Tarehe 17 Januari 1961, Lumumba aliuawa. Mabishano ya siasa yalipoingia mikononi mwa askari, kura ya raia ilikosa nguvu.

Mwaka 1970 watu walipiga kura tena, lakini mgombea alikuwa mmoja tu, Mobutu. Karatasi ya kijani ilikuwa ya matumaini, nyekundu ya fujo. Kiongozi asiyeogopa kushindwa hana sababu ya kusikiliza raia wake.

Mwaka 2006, baada ya miaka zaidi ya 40, tulipata uchaguzi wenye wagombea wengi. Ulifika duru ya pili, kati ya Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba. Watu walipanga mistari mirefu, hata katika sehemu zilizokuwa zikitoka vitani.

Basi neno la pili likaanza kutusumbua. Mwezi wa kumi na mbili 2018, zikibaki siku chache tu, CENI iliahirisha kura ya Beni, Butembo na Yumbi mpaka mwezi wa tatu 2019, ikitaja Ebola na usalama. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari, mbele ya kura yao. Siku ya uchaguzi, raia wa Beni walijipangia kura yao wenyewe, wakinawa mikono kwanza, ili kuonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2023, vita viliwanyima kura watu wa Masisi na Rutshuru. Kwamouth pia ilibaki inje.

Hesabu ya raia wote ilifanywa mara ya mwisho 1984. Kwa hiyo viti vya bunge vinagawanywa kwa kufuata orodha ya wapiga kura. Asiyeandikishwa anakosa kura, na eneo lake linaweza kukosa uzito.

Inchi inatembea vizuri pale kiongozi anapojua kwamba anaweza kuondolewa, na kwamba mtu wa kambini naye anaweza kumuondoa. Kadi ya uchaguzi haileti unga, na haifungui njia ya kurudi nyumbani kesho. Lakini mwenye kuhitaji kura yako atafika mpaka kwenye hema lako. Asiyeihitaji atapita tu barabarani.